Dai la fidia ya ulemavu limekataliwa: je, nikimbilie mahakamani?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, nilikuwa fundi msaidizi wa ujenzi hapa Ihumwa, Dodoma. Nilianguka kutoka kwenye jukwaa nikiwa na ndoo ya zege, na tangu siku hiyo siwezi kuinama wala kuinua mzigo. Dai langu la fidia ya ulemavu wa kudumu limekataliwa kwa maelezo kwamba maradhi ya mgongo nilikuwa nayo kabla ya ajira, kama mwajiri alivyoandika katika taarifa yake. Nataka kufungua kesi mara moja. Nianzie wapi?
Msomaji, Ihumwa

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa maumivu. Mahakama ipo, lakini si mlango wa kwanza. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, asiyeridhika na uamuzi huanza kwa kumwomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) aupitie upya. Asiporidhika tena hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo ndipo huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukiruka ngazi hizi, shauri lako linaweza kutupwa kabla hujaulizwa hata ulianguka vipi. Kila ngazi ina ukomo wa siku, kwa hiyo itunze barua ya kukataliwa pamoja na uthibitisho wa tarehe uliyoipokea. Kwa ngazi ya Waziri una nafuu ya jirani, kwa kuwa Mji wa Serikali wa Mtumba hauko mbali nawe.

Sasa isome barua hiyo kwa utulivu. Haikatai kwamba unaumwa, wala haisemi kwamba hukuanguka. Inachokataa ni uhusiano kati ya anguko na maumivu. Cheti kinachosema tu kwamba mgonjwa ana maumivu ya mgongo hakitakusaidia, hata kikiwa na mihuri mitatu. Mwombe daktari aliyekutibu aeleze kwa maandishi alichokiona katika picha ya eksirei, kama jeraha linalingana na kuanguka kutoka juu, na kama kumbukumbu zako za nyuma hospitalini zinaonyesha ulipata kutibiwa mgongo. Ikiwa kweli uliwahi kutibiwa, usifiche: eleza kwamba hadi asubuhi ya ajali ulikuwa ukibeba zege, jambo ambalo daftari la mahudhurio na wenzako wa jukwaani wanaweza kulithibitisha. Karatasi ya matibabu ya siku ileile ina uzito mkubwa kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Haya yote yaingie kwenye jalada tangu maombi ya mapitio, maana ushahidi uliosahauliwa mwanzoni ni vigumu kuupenyeza kwenye rufaa.

Angalia pia kiwango cha ulemavu atakachokadiria daktari. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi, hivyo tofauti ya pointi chache si jambo dogo.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu watu wasiomudu wakili, na katika Divisheni ya Kazi unaweza kujisimamia mwenyewe au kuwakilishwa na chama chako cha wafanyakazi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria. Ukifika huko ukashindwa, rufaa ya kwenda Mahakama ya Rufani huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu, na suala la mgongo wako ulianza kuuma lini halitafunguliwa tena.