Nampa mtoto ORS lakini bado anaharisha. Nakosea wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 14, leo siku ya 3 anaharisha maji matupu, mara 6 au 7 kwa siku. Nampa ORS: nachota kijiko kwenye pakiti, nakoroga kwenye kikombe, lakini kuharisha hakukati. Bibi yake anasema ni meno. Duka la dawa wamenipa Flagyl, sijaanza kumpa. Na maji ya kunywa nachemsha kila siku, sasa ugonjwa unatoka wapi? *Mama wa Buguruni*

Jibu: Marahaba, mama. Hiyo Flagyl iache hapo hapo ilipo. Kuharisha maji matupu kwa watoto mara nyingi ni virusi, na dawa hiyo haiui virusi. Ukiona damu kwenye choo hapo ni jambo jingine, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

ORS haikatishi kuharisha, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inarudisha maji na chumvi vinavyotoka, mwili usikauke wakati ugonjwa unapita wenyewe. Kwenye utumbo sukari na chumvi huingia pamoja na kuvuta maji, ndiyo maana kipimo ni lazima kiwe sahihi. Ukichota kijiko hujui chumvi imekuja kiasi gani. Ikizidi inamdhuru mtoto, ikipungua unampa maji tu. Soma pakiti yako: nyingi ni za lita 1, nyingine ni ndogo. Kama ni ya lita 1, chukua chupa ya maji ya nusu lita, pima mara mbili kwenye jagi safi, mimina pakiti yote, koroga mpaka iyeyuke. Ile chupa kubwa ya lita moja na nusu imewaponza wengi. Kitakachobaki baada ya saa 24 mwaga.

Kila akiharisha mpe mililita 50 mpaka 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Titi usimnyime, uji na chakula vilevile. Soda na juisi za dukani weka mbali, sukari yake nyingi huvuta maji kuingia tumboni na kuongeza kuharisha.

Kisha ulizia zinki, ambayo naona hukupewa. Kwa umri wake ni miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 mpaka 14. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji. Mmalizie dozi hata akipona kesho.

Bibi tumheshimu, ila meno hayaharishi. Mtoto wa umri huo anatambaa, anaokota, anatia kila kitu mdomoni, na meno yanaota wakati huo huo, basi lawama zinayaangukia.

Sasa maji. Yakitokota sawasawa kwa dakika 1, vijidudu vimekufa. Lakini hakuna kinachobaki ndani ya maji kuyalinda. Mimi nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza kata ya kuchotea inalala wapi. Ikiwa juu ya mfuniko wa ndoo, na kila anayetaka kunywa anaizamisha pamoja na vidole, mkaa wako umeteketea bure. Tafuta ndoo yenye koki, au dumu la mdomo mwembamba la kumimina. Ukitumia vidonge vya klorini, vile vya lita 20 ni kimoja kwa ndoo ya lita 20, subiri dakika 30. Nguvu zinatofautiana, kwa hiyo fuata maandishi ya pakiti. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Uzuri wa klorini ni kwamba kiasi kidogo hubaki kwenye maji kikiendelea kulinda. Chumvi ya kisima haiondoi, usiidai hilo.

Leo hii bana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili uiachie. Ikirudi polepole, au macho yameingia ndani, utosi umebonyea, amelegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, mpeleke kituo cha afya, usingoje asubuhi. Njiani endelea kumpa ORS kijiko kwa kijiko kama anaweza kumeza. Beba na pakiti uliyotumia, mhudumu aone ulichanganya vipi.