Amezeeka au anaumwa? Maswali yenu kuhusu mbwa wazee

Safari hii nimewaweka pamoja wasomaji wenye mbwa wa umri mkubwa, kwa sababu barua zao zina sentensi moja inayojirudia: "Labda ni uzee tu, daktari." Mbwa mkubwa kama German Shepherd huhesabiwa mzee akifika miaka 7 au 8. Wenye umbo dogo huenda mpaka 10 kabla hawajaanza kuchoka. Uzee upo, sibishi. Lakini mengi mliyoniandikia yana majina yake, vipimo vyake na dawa zake.

Daktari, shikamoo. Simba wetu ni German Shepherd wa miaka 10. Asubuhi, hasa kukiwa na baridi, miguu ya nyuma inakataa kunyanyuka. Akishatembea kidogo anachangamka. Nimekuwa nikimpa nusu kidonge cha diklofenaki ya mume wangu na naona inamsaidia. Niendelee? (Mama wa Njiro, Arusha)

Marahaba, mama. Acha leo hii. Diklofenaki na ibuprofeni zinamtuliza mbwa kweli, ndiyo maana watu wanaziamini, lakini tumbo na figo za mbwa haziwezi kuzihimili kama zetu. Zinamchimba vidonda tumboni taratibu, na dalili utaiona kwenye kinyesi: kinakuwa cheusi na kinanata kama lami. Ukikiona hivyo, au akitapika, au akigoma kula, mpeleke siku hiyo hiyo na useme ukweli wa dawa uliyompa. Daktari anahitaji kujua, kwa sababu dawa za maumivu za mbwa hazipachikwi juu ya diklofenaki. Mwili hupumzishwa kwanza siku kadhaa. Panadoli nayo usiifanye mbadala kwa uamuzi wako.

Ugumu wa asubuhi unaolegea mbwa akitembea ni dalili ya kawaida ya viungo vilivyolika, ile ambayo wengi huiita baridi yabisi. Zipo dawa za mbwa kama meloksikamu na kaprofeni. Hupimwa kwa kilo, kwa hiyo Simba apandishwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho, na damu yake ipimwe kuona hali ya figo na ini kabla hajazitumia muda mrefu. Kama ni mnene, kumpunguza uzito kutamsaidia kuliko mengi mnayoweza kumnunulia. Mwekee zulia au mkeka mzito pale anapopita kwenye vigae, maana mbwa wa viungo vibovu huogopa sakafu ya kuteleza na huishia kukaa mahali pamoja siku nzima.

Kuna kitu nataka mkifanye nyumbani. Simba akiwa amesimama, mshike unyayo mmoja wa nyuma, mkunje vidole ili mgongo wa unyayo ndio uguse sakafu, kisha mwachie. Mbwa mwenye neva nzima anaugeuza papo hapo. Akiuacha vilevile, au mkiona kucha za nyuma zimelika kwa mbele kwa sababu ya kuburuzwa, huenda tatizo liko kwenye uti wa mgongo. German Shepherd wana ugonjwa wao wa uti wa mgongo unaowajia ukubwani pasipo maumivu, na huo dawa za viungo haziutibu.

Mrekodini pia kwa simu alfajiri anapohangaika kunyanyuka. Akifika kliniki, hofu itamfanya atembee vizuri ajabu, na daktari atashindwa kuelewa mmeleta mgonjwa gani.

Mbwa wangu wa kienyeji ana miaka 9. Amekonda, amepoa, fizi zimekuwa nyeupe na wiki hii ametoka damu puani. Jirani ambaye amefuga miaka mingi anasema siku zake zimefika. (Msomaji, Morogoro)

Jirani asubiri kidogo. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua, na mtuhumiwa wa kwanza huku kwetu ni kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa hubeba vijidudu vya erlikia. Vinaweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, mbwa akionekana mzima, kisha vikaanza kuharibu uboho. Damu mpya haitengenezwi, chembe za kugandisha damu zinapungua, ndipo pua inapotoka damu. Mwingine ni babesia, anayevunja chembe nyekundu. Huyo mara nyingi huja na homa kali na mkojo mwekundu au wa kahawia.

Una bahati uko Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina hospitali ya kufundishia madaktari wa mifugo. Kipimo cha kuanzia hakitishi: tone la damu, mara nyingi kutoka ncha ya sikio, linapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini.

Ikionekana ni erlikia, atapewa doksisaiklini, na kawaida yake ni siku 28. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Siku ya tatu au ya nne mbwa anaamka, anakula, anabweka getini, na mwenye mbwa anaona vidonge vilivyobaki avitunze kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Mpe vyote, na umpatie baada ya chakula, maana kidonge hiki kikikwama kooni kinaunguza.

Kisha banda. Kupe jike akishashiba hudondoka, hupanda ukuta na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa. Ukimwogesha mbwa ukaacha nyufa, umefanya nusu ya kazi. Ila dawa ya josho la ng'ombe usimmiminie mbwa kwa kukisia. Mbwa dhaifu anaweza kuanguka nayo.

Jike wetu ana miaka 8, hajawahi kufungwa kizazi. Alikuwa kwenye joto mwezi uliopita. Sasa anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, na anajilamba sana nyuma. (Baba wa watoto watatu, Tanga)

Funga gazeti, mpeleke leo. Huenda kizazi chake kimejaa usaha. Hali hii huwapata majike wasiofungwa kizazi, hasa wa umri huo, wiki chache baada ya joto. Usaha ukitoka nje utaona uchafu na harufu. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga hutaona kitu, tumbo litavimba tu, na hiyo ndiyo hatari zaidi. Tiba yake ni kupasuliwa na kuondolewa kizazi baada ya kuwekewa dripu. Usimnyime maji ukidhani ndiyo yanayomletea shida.

Kwa wengine wenye mbwa anayekunywa sana: pima. Jaza chombo kwa chupa ya lita asubuhi, pima kilichobaki kesho yake saa ileile. Mbwa anayepita mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, ana tatizo linalohitaji kipimo cha damu na mkojo. Mara nyingi ni figo, kisukari au tezi.

Mbwa mzee wa nyumbani ameshindwa kumeza tangu jana, udenda unamtoka, sauti imebadilika. Tulidhani mfupa umekwama. Kijana wangu alitia mkono mdomoni kuutafuta, hakuona kitu. (Msomaji, Iringa vijijini)

Huyu nilimpigia simu siku hiyo hiyo, ila nimeliweka hapa kwa sababu litamkuta mwingine. Mbwa aliyeshindwa kumeza ghafla, mdomo wazi na udenda, achukuliwe kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo, awe na umri wowote. Si kila kichaa kinakimbia barabarani na kung'ata. Kipo cha kupooza, kimya kabisa. Msitie mkono mdomoni.

Kijana aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo akaanze chanjo, hata kama mchubuko ni mdogo kiasi gani, na amalize dozi zote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa afungiwe, na afisa mifugo wa kata aitwe. Akifa msimchune wala kumtupa. Sampuli ya ubongo ndiyo inayotoa jibu.

Na nyinyi wengine: mbwa mzee bado anahitaji chanjo ya kichaa kila mwaka, kama daktari anavyopanga.

Tumeambiwa mbwa wetu ana ugonjwa wa figo na ale chakula maalumu cha mfuko. Bei yake siiwezi. Tumezoea kumpa ugali na dagaa. (Mama wa Mbagala, Dar es Salaam)

Chakula cha figo cha mfuko ni kizuri na kama kingekuwa rahisi ningekiandikia kila mgonjwa. Lakini hata bila hicho unaweza kumpunguzia figo mzigo. Kinachozichosha zaidi ni fosforasi, na fosforasi iko nyingi kwenye mifupa. Dagaa unamla na mifupa yake, tena ana chumvi. Kwa hiyo dagaa, mifupa na maini viondoke. Mpe wali au ugali laini, nyama kidogo yenye mafuta mafuta, ute wa yai uliochemshwa. Nyama usiiondoe kabisa, atakonda misuli. Chumvi usitie, vitunguu pia usitie, maana vinavunja chembe za damu za mbwa. Mwonyeshe daktari mpangilio huo, kwa sababu ukienda nao miezi utahitaji kuongezewa madini na vitamini.

Maji yawepo usiku na mchana. Na unga au pumba zenye ukungu usimpe kwa kisingizio kwamba ni mbwa: sumukuvu inaua ini la mbwa upesi kuliko watu wanavyodhani.

Nina mbwa mdogo wa miaka 12 hapa Ruaka. Anakohoa usiku, na daktari alisikia mlio kwenye moyo. Nitajuaje hali ikizidi? (Msomaji, Kiambu)

Hesabu pumzi akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, andika. Mbwa aliyetulia huwa chini ya 30. Zikianza kupita 30 kila usiku, mpigie daktari wako. Huenda maji yanajaa mapafuni, na vidonge vya kutoa maji (furosemidi) au vya kuupa moyo nguvu (pimobendani) vinahitaji kuanzishwa au kuongezwa. Ufizi ukigeuka wa bluu usisubiri asubuhi. Mkanda wa shingo ubadilishe kwa ule wa kifuani.

Assalaam alaykum. Mbwa mlinzi wetu Mombasa ni mzee, analala kwenye saruji na viwiko vimetoka vidonda. Sisi ni Waislamu, tunaona tabu kumshika. (Msomaji, Kisauni)

Waalaykum salaam. Vidonda hivyo ni vya mfupa kugandamiza ngozi kwenye saruji. Godoro kuukuu lililofunikwa turubai litafanya kazi kuliko marhamu yoyote. Osheni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, mkivaa glavu. Daktari wa mifugo avione kama vinatoa usaha. Mambo ya twahara, yaani usafi wa kidini, mwulizeni shekhe wenu, mimi si mwenyewe wa fani hiyo. Ila hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, mnaijua kunishinda.

Nitajuaje wakati wa kumlaza mbwa usingizi wa mwisho umefika? Na je, ni kweli wanachomwa sumu na kuteseka? (Dada wa Mbezi, Dar es Salaam)

Weka kalenda ukutani. Kila jioni weka alama: leo amekula mwenyewe, amenyanyuka mwenyewe, amefurahi kukuona, au hapana. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri kwa wiki mbili mfululizo, na daktari amekwisha kuwaambia kwamba dawa za maumivu zimefika mwisho, mazungumzo hayo yafanyike. Kalenda inasaidia kwa sababu siku moja ya kuchangamka hutudanganya, hasa kwa mbwa tunayempenda. Maoni yangu ni kwamba wengi huchelewa, wachache sana huwahi.

Tendo hilo likifanywa na daktari, kwanza mbwa hupewa dawa ya usingizi. Akishalala, pentobarbitali, ambayo ni dawa ya nusukaputi kwa kiwango kikubwa, inaingizwa kwenye mshipa, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hayafumbi, mkojo unaweza kutoka, na wakati mwingine kifua kinavuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Waambie watoto mapema ili wasidhani ameamka. Usikubali mtu akuletee sumu ya kumlisha, hata akikuambia ni bei rahisi.

Mzike kwenye shimo refu. Dawa hiyo inabaki kwenye mwili, na mbwa mwingine au ndege atakayemfukua na kumla anaweza kufa.

Huku kwetu hakuna daktari wa mbwa, yupo wa ng'ombe. (Msomaji, Mbozi)

Daktari wa mifugo aliyesoma chuo amesomea na mbwa pia, hata kama siku nzima yuko zizini. Hakikisha tu kwamba amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Muuza duka la dawa za mifugo si lazima awe daktari. Akikwama ataomba ushauri kwa wenzake wa mjini kwa simu, na wengi wetu tunapokea. Mrahisishie kazi: nenda na maganda ya dawa zote alizopewa, mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi yenye kifuniko, kinyesi cha siku hiyo, na ile video ya alfajiri.