Daktari wa meno, ishike kibodi mwenyewe

Juzi daktari mmoja kijana aliniandikia: "Dokta, bosi wangu hataki kabisa kompyuta karibu na kiti cha mgonjwa. Anasema meno yanatibiwa kwa mikono. Nifanyeje?" Ujumbe ule niliusoma mara mbili, kisha nikakaa kimya. Maneno hayo niliyasema mimi miaka ya nyuma, karibu neno kwa neno, tena kwa sauti ya juu.

Kwa miaka 11 kompyuta ya kliniki yangu ilikaa mapokezi, ikipanga miadi na kuchapa risiti. Chumba cha matibabu kilikuwa cha kadi na bahasha. Sababu sikukosa: kibodi haiingii kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, glavu zina damu na mate, mgonjwa amepanua kinywa, nani aache jino akabofye? Zote zina ukweli ndani yake. Lakini kilichonizuia hasa ni woga wa kuonekana sijui. Mikono yetu imezoea kusifiwa. Kutafuta herufi moja moja kwa kidole mbele ya mgonjwa, na msaidizi anayenizidi kasi amesimama pembeni, niliona ni fedheha.

Kilichonibadilisha ni filamu moja ya eksirei. Mama mmoja alirudi na maumivu kwenye jino namba 36, gego la kwanza la chini kushoto, ambalo nilikuwa nimelitibu mzizi miaka 6 kabla. Nikatoa filamu kwenye bahasha, nikaiinua kwenye taa. Ilikuwa imegeuka kahawia yote. Siku ile tulikuwa na foleni, hatukuiosha vya kutosha baada ya kuitoa kwenye fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu, na dawa iliyobaki ikaendelea kuila polepole humo bahashani. Nilitaka kujua jambo moja tu: kile kivuli kwenye ncha ya mzizi, ishara ya uambukizo, kimepungua au kimekua? Jibu nilikuwa nimelihifadhi mwenyewe, na nikaliharibu mwenyewe. Nilimweleza ukweli. Akasema, "Kwa hiyo tunaanza upya, dokta?" Nikamjibu ndiyo, nikiangalia chini.

Baada ya hapo nilinunua sensa ya eksirei, kifaa kinachowekwa kinywani badala ya filamu na kupeleka picha kwenye kompyuta. Wala si kitu kipya: Mfaransa Francis Mouyen aliileta kwenye fani yetu tangu miaka ya 1980. Picha inatokea kwenye skrini hata glavu hujavua, na mionzi inayohitajika ni pungufu kuliko ya filamu. Wiki ya kwanza alikuja baba ambaye mara mbili alikuwa amekataa matibabu ya mzizi. Nikamgeuzia skrini. Akanyoosha kidole mpaka kwenye kile kivuli cheusi, akauliza, "Hiki ndicho kinachoninyima usingizi?" Tulianza matibabu siku hiyohiyo. Nasema kwa fahari: tangu hapo sijawahi kumbembeleza mgonjwa kwa maneno matupu.

Sasa sehemu inayoniuma. Aliyeniuzia programu alinihakikishia kwamba kila kitu kiko salama. Mwaka wa tatu diski ikafa, ikaondoka na picha za miezi 8. Nilipompigia, akaniambia nakala rudufu ni jukumu la mwenye kliniki. Ni kweli, lakini siku ya kuuza hakulitamka. Nami sikuuliza, kwa woga uleule wa kuonekana sijui.

Ndiyo maana nasisitiza: jifunze kwa mkono wako. Weka nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikae nje ya kliniki, na kila mwezi jaribu kuirudisha uone kama inafunguka. Kibodi ivishe plastiki inayobadilishwa kila mgonjwa, au fanya kama sisi: natamka "nne sita, uso wa kutafunia, tundu", yaani jino namba 46, msaidizi anaandika, na glavu zangu hazigusi kitu. Kumbuka kwamba kwenye mchoro wa meno upande wa kushoto wa skrini ni kulia kwa mgonjwa. Kabla ya kung'oa, taja namba kwa sauti, gusa jino lenyewe, ndipo uendelee. Msimamizi wa mapokezi hawezi kukufanyia hayo. Wewe ndiye uliyeshika koleo.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, usibishane na bosi wako, hasa mbele za watu. Mchana mmoja ambao hakuna mgonjwa, toa filamu tatu nne za zamani, mziangalie pamoja kwenye taa. Atakayoyaona yatamtosha. Akianza kulegea, muoneshe namna ya kuwasha programu na kufungua faili la mgonjwa wa majaribio, halafu aga uende nyumbani. Muache peke yake. Mimi nilijifunza usiku, kliniki imefungwa, nikifuta na kuandika upya jina moja mpaka vidole vikazoea.