Maswali ya Wasomaji: Nyuklia ya Siaya au Mvuke wa Olkaria?

SWALI: Mhariri, mimi huuza samaki hapa Dunga, Kisumu. Juzi stima ilipotea tangu magharibi hadi alfajiri, nikakuta barafu ya friza imekuwa maji na mbuta wamelegea. Sasa tunasikia kwamba huenda kinu cha nyuklia kikajengwa Siaya, na kwamba hiyo ndiyo dawa ya upungufu wa umeme na ya mabadiliko ya tabianchi. Mwanangu anashikilia kuwa jua na upepo vinatosha. Nani kati yetu anadanganywa?
Mama Samaki, Dunga

JIBU: Pole kwa hasara, mama. Kuhusu hewa chafu, hakuna anayekudanganya. Makadirio ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, yaliyotolewa mwaka 2014, yanaonyesha kwamba ukihesabu tangu madini yanapochimbwa hadi mtambo unapobomolewa, uniti moja ya umeme wa nyuklia hutoa takriban gramu 12 za kaboni dioksidi, karibu sawa na upepo, ilhali ya makaa ya mawe hutoa gramu 820.

Lakini hoja hiyo ina uzito zaidi katika nchi zinazochoma makaa. Hapa Kenya, takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme tunaozalisha tayari zinatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hiyo kinu cha Siaya kingekuwa na moshi mchache sana wa kuuondoa. Sababu yake ingebaki kuwa umeme usiolala, na kazi hiyo mvuke wa Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, umeifanya tangu 1981, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

Kuna pia suala la ukubwa, ambalo wanasiasa hulipita haraka. Kinu cha kawaida huzalisha megawati 1,000 hivi, nasi saa za kilele nchi nzima hutumia zaidi ya 2,300. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, kwa sababu ukizimika ghafla huweza kuivuta gridi yote chini. Gharama nayo haitabiriki: vinu viwili vya Vogtle, Marekani, vilikadiriwa kugharimu dola bilioni 14, vikamalizika mwaka 2024 vikiwa vimechelewa miaka saba na kupita bilioni 30.

Hata hivyo, mwanao naye ametia chumvi. Jua huzama saa kumi na mbili unusu, wakati ule ule watu wanapowasha taa na kupika, na betri za kuhifadhi umeme wa nchi nzima si bei ya njugu. Mimi ningetanguliza mvuke, kisha upepo na jua, na nyuklia ningeiacha isubiri gridi ikue. Wapangaji wa kinu wakija barazani, waulizeni taka zitahifadhiwa wapi, na maji ya kupoza kinu yatarudi ziwani yakiwa na joto kiasi gani, maana ngege na mbuta hawahami kwa tangazo la serikali.

Na friza yako? Ikiwa majirani wa mtaa wa pili walikuwa na taa usiku huo, basi huenda umeme haukukosekana Olkaria, bali ulipotelea njiani, kwenye transfoma au nyaya, na hapo hata vinu kumi visingekuokolea samaki.

SWALI: Ule moshi mweupe wa visima vya mvuke vya Menengai si uchafuzi pia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Umo pia kaboni dioksidi kiasi, pamoja na gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza, lakini kwa jumla hewa chafu yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ya jenereta ya dizeli.