Garaji ya Wasomaji: kombine, slalomu na mashimo ya Lubumbashi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu kombine, yaani amortisere na resoro vilivyounganishwa kwenye bomba lenye nyuzi ili gari liweze kupandishwa na kushushwa. Waingereza huita koilova. Tumetumia maneno ya garaji za hapa. Wenzetu wa Dar wasome shokapu palipo amortisere, springi palipo resoro, nati palipo ekru, bolti palipo buloni, na bodi palipo karosri.

Jambo sana, mafundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, imepitia mpaka wa Kasumbalesa. Tuko vijana sita, tunataka kushindana na saa kati ya koni, mchezo ambao Wamarekani wanauita otokrosi. Muuzaji ananipa kombine za kilo 10 mbele na 8 nyuma, anasema ndizo za mashindano. Nichukue? (Msomaji wa Kampemba)

Ndugu, chunga kwanza hilo neno. Kwa Wamarekani otokrosi ni gari mojamoja kuzunguka koni kwenye lami, na katika sheria zinazofuatwa sana kwao, koni ukiiangusha unaongezewa sekunde 2. Kwa Wafaransa otokrosi ni magari mengi yakifukuzana kwenye udongo. Mchezo wa koni wao wanauita slalomu. Sisi huku tunasoma Kifaransa na kutazama video za Kiingereza, kwa hiyo ni rahisi mtu kuagiza kombine ndefu za udongo kumbe anataka za lami. Ukimwandikia muuzaji, mwambie slalomu ya lami.

Sasa hizo kilo 10. Maana yake kila kilo 10 za uzito zinabonyeza resoro milimita 1. Gurudumu la mbele la gari lako linabeba kama kilo 400. Ukitoa uzito wa gurudumu lenyewe, breki na pivo (chuma kinachobeba gurudumu), zinabaki kama kilo 360 juu ya resoro. Kwa hiyo resoro ya 10 itabonyea milimita 36 gari likiwa limesimama. Ya 6 itabonyea milimita 60. Hizo ndizo milimita ambazo gurudumu linaweza kushuka nazo likikuta shimo. Zikiisha, tairi linabaki hewani, na tairi la hewani halikati kona. Resoro ya 10 inafaa uwanja laini kama meza na tairi za mashindano. Kwa gari linalokupeleka kazini Jumatatu kwa barabara zetu, omba 6 mbele na 5 nyuma. Tena, kama tairi zako ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani, zimekuwa ngumu kama mbao. Nunua tairi kwanza, kombine baadaye. Utapunguza sekunde nyingi zaidi kwa dola zilezile.

Kombine zimefika kwa Impreza yangu. Makanika wangu ni mzuri ila amezoea Land Cruiser. Tufuate njia gani, na wapi watu hukosea? (Msomaji wa Katuba)

Anzeni siku moja kabla: pigeni buloni zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la karosri, pembe zote nne, muandike. Bila namba hizo hamtajua mmeshusha kiasi gani.

Legezeni ekru za magurudumu, inueni gari, likae juu ya stendi za chuma chini ya ukingo ulioimarishwa. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yanapasuka bila kutoa taarifa. Ondoeni kibano cha mpira wa breki na waya wa ABS. Katika Impreza za zamani zaidi mpira huo unapita ndani ya tundu lisilo na mlango. Hapo wengine hufungua mpira na kutoa hewa kwenye breki baadaye, wengine hukata mkono wa amortisere ya zamani, ambayo hata hivyo haitarudi.

Amortisere imeshikwa kwenye pivo kwa buloni mbili kubwa. Ile ya juu, mbele, ina kichwa chenye ekisentriki: ndiyo inayolaza gurudumu. Chorea alama ya rangi kabla ya kuigusa. Halafu funga pivo kwa waya kwenye kitu chochote kigumu cha gari, kabla buloni ya pili haijatoka. Ukisahau, pivo inalala nje, mpira wa breki unavutika na kiungo cha ndani cha ekseli kinachomoka. Hapo kazi ya saa nne inakuwa ya siku mbili.

Juu mna ekru tatu ndogo, ufunguo wa 12. Hizo ndizo za kufungua. Ekru kubwa ya katikati msiiguse hata kidogo resoro ikiwa bado imebanwa: inashikilia mamia ya kilo, na ikiachia inaruka usoni. Kama seti yenu imekuja na kopeli zake za juu (vikombe vinavyoishikiza kwenye karosri), hamna haja ya kubana resoro. Toeni mguu mzima (amortisere na resoro pamoja), wekeni mguu mzima. Kama haina, tafuteni kibana-resoro halisi chenye kulabu mbili. Kamba na minyororo tumeshaona inavyomaliza. Nyuma, ekru tatu za juu zimefichwa chini ya mapambo ya ndani. Kwenye sedani utaanza kwa kutoa mgongo wa kiti.

Kwenye kombine mpya, pete ya resoro izungushwe hadi resoro isicheze, kisha milimita 2 au 3 zaidi, basi. Kuna imani kwamba ukikaza pete sana resoro inakuwa ngumu. Haiwi, resoro ya 6 ni ya 6 daima. Unachofanya ni kupunguza ile nafasi ya gurudumu kushuka. Kama bomba la chini lina nyuzi, urefu urekebishwe huko, kwa kuzungusha mwili wote wa kombine ndani ya bomba hilo, na nyuzi zilizoingia zisipungue kiasi alichoandika mtengenezaji.

Shusheni milimita 15 hadi 20 kutoka namba za asubuhi, msizidishe. Gari hili likishuka sana, mkono wa chini unaelekea juu kutoka ndani kwenda nje, na kitovu ambacho gari huinamia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wake. Matokeo yake gari la chini linalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala likiwa juu. Vijana hawapendi kusikia hili.

Ekru tatu za juu zikazwe Newton-mita 20 tu, maana nyuzi zake hukatika. Za magurudumu kama 100. Buloni mbili za pivo hutofautiana kwa miaka ya gari. Chukueni namba kwenye kitabu cha fundi cha gari lenyewe, na mtumie ufunguo wa kupimia. Bado kuna kazi moja ambayo karibu kila garaji huiruka: legezeni buloni za silambloki za mikono ya chini, shusheni gari chini, mlitikise, ndipo mzikaze likiwa limesimama kwa uzito wake. Silambloki ni mpira ulioshikamana na chuma. Ukiikaza gurudumu likining'inia, inabaki imejipinda muda wote, na baada ya miezi michache inachanika.

Endesheni kilomita 50 hivi polepole, pimeni tena pembe nne (kushoto na kulia zisitofautiane zaidi ya milimita 5), kazeni tena, ndipo muende paralelisme (kunyoosha uelekeo wa magurudumu). Mkianza na paralelisme kabla ya urefu kutulia, mtalipa mara mbili.

Tangu nimeweka kombine, kuna kitu kinagonga nikipita mashimo polepole. Makanika anasema "ni kawaida ya sporti". (Msomaji wa komuni ya Kenya, Lubumbashi)

Mwambie mzee wetu kwa heshima kwamba si kawaida. Inua pembe moja hadi gurudumu lining'inie, shika resoro kwa mkono: ikizunguka, pete imelegea na resoro inapiga kila inaporudi. Kama haizunguki, shusha gari, weka kiganja juu ya kopeli huku mwingine akizungusha usukani taratibu. Ukihisi mruko na kusikia sauti ya waya ukiachia, resoro inakwama juu na kuruka. Sahani au beringi ya juu imewekwa vibaya. Vyote viwili vikiwa sawa, angalia bieleti za stabilizateri (vijiti vinavyounga fimbo inayozuia gari kulala), ambazo hucheza baada ya gari kushuka.

Tairi za mbele zinalika ndani tu. (Msomaji wa Ruashi)

Wengi hulaumu karosaji (mlalo wa gurudumu), lakini mara nyingi kosa ni paralelisme. Gari likishuka, magurudumu hubadili uelekeo. Kwa slalomu na barabara pamoja, karosaji ya digrii 2 hasi mbele na 1.5 hasi nyuma, na paralelisme sifuri, haili tairi haraka.

Pete zimegoma kabisa kuzunguka baada ya mvua. (Msomaji wa Kamalondo)

Pete ni alumini, bomba ni chuma. Maji na udongo mwekundu vikikaa katikati, viwili hivyo huungana. Wengine huzuia kwa girisi, na hapo ndipo wanapoharibu zaidi: girisi inashika vumbi na kuwa kama msasa. Sugua nyuzi kwa burashi ngumu na maji ya sabuni, kausha, paka nta au kilainishi kikavu, kila mwezi wakati wa mvua. Maji ya presha yasielekezwe kwenye sili ya shina la amortisere. Kwa pete iliyokwisha kugoma: mafuta ya kulegeza usiku kucha, kisha ufunguo wake wa ndoano. Kuipiga kwa patasi kunaharibu meno, na utanunua pete mpya.

Kombine zangu zina mibofyo 30 ya kurekebisha ugumu wa amortisere. Nianze na ngapi? (Msomaji wa Likasi)

Funga kirekebishi taratibu hadi mwisho mgumu, bila nguvu, maana sindano iliyo ndani hupindika. Hesabu kurudi nyuma 15, pembe zote sawa. Kimbia mara tatu kabla ya kugusa chochote. Kama pua ya gari inakataa kuingia kona, legeza mbele mibofyo 2 na uangalie saa. Ukibadilisha mbele na nyuma pamoja hutajua kipi kimesaidia. Na kwa safari ya kurudi Likasi, legeza mibofyo 5 pande zote. Andika kwenye karatasi ya dashibodi, la sivyo Jumamosi ijayo utaanza upya kuhesabu.