Ripita Ikizima Katikati ya Mazungumzo, Pima Volti Inaporusha

Mwaka jana ripita ya mawimbi ya radio ya mita 2 ninayosaidia kuitunza, yaani mtambo unaopokea mazungumzo ya radio na kuyarusha tena ili yafike mbali, iliyoko kilimani upande wa Mukono, ilianza kuzima kila mtu alipozungumza zaidi ya nusu dakika, kisha ikawaka yenyewe kana kwamba haikuwa na neno. Kwa kuwa inategemea paneli za sola na betri ya volti 12, sote tuliilaumu betri. Nilinunua nyingine, nikaipandisha kwa boda boda nikiwa nimeipakata kama mtoto, nikaifunga, na jioni ile ile ripita ikazima tena.

Kosa langu lilikuwa kupima volti ripita ikiwa imetulia. Inapopokea tu, hula chini ya ampea moja, hivyo hata kiungo kibovu huonyesha volti nzuri. Inaporusha, yetu hula ampea 9, na hapo ndipo ubovu hujitokeza. Mwombe mwenzako aliye bondeni abonyeze kitufe cha radio yake na kukishikilia, nawe upime kwenye vichwa vya betri, kisha nyuma ya ripita yenyewe. Mimi nilipata 12.3 kwenye betri na 10.4 kwenye ripita, ilhali mitambo mingi ya aina hii hutengenezwa kwa volti 13.8 na huvumilia upungufu wa asilimia 15, yaani hadi 11.7 hivi.

Ili kujua volti hizo 1.9 zilipotelea wapi, niliweka ncha zote mbili za mita kwenye waya ule ule wa chanya, moja kila upande wa kiungo nilichokishuku, ripita ikiendelea kurusha. Kishikio cha fyuzi peke yake kilimeza volti 1.3, ambazo kwa ampea 9 ni karibu wati 12 za joto. Nilipokifungua, plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, na fyuzi, kwa kejeli, ilikuwa nzima kabisa. Zilizobaki zilipotea kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, nikaubadilisha kwa wa 6.

Volti zikiwa nzuri lakini wati zinazorushwa bado ni chache, kagua kebo ya antena, hasa kiunganishi cha juu ambacho mvua hupenya, lakini wingu likianza kutanda ziwani, shuka kwanza.

Betri niliyoinunua bure sasa inawasha taa za nyumbani.