Nyuzi 96 na Laptopu Ina Wiki Mbili Tu

Kaskazi imeingia, vyumba vya pwani vinawaka tangu saa nne asubuhi, na karibu maswali yote niliyoletewa safari hii yanahusu kitu kimoja: laptopu mpya za gemu zinazopata moto. Nimechagua machache. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na salamu ndefu nimezifupisha, mnisamehe.

Fundi, shikamoo. Nimenunua laptopu ya gemu wiki mbili zilizopita, ina prosesa (ule ubongo wa mashine) ya Core i7-12700H na kadi ya picha ya RTX 3060. Nikicheza GTA V prosesa inafika nyuzi 96 za joto. Rafiki yangu anasema niirudishe haraka kabla haijaungua. Ni kweli? (Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba. Rafiki yako anakutakia mema, ila kasoma namba tu, mashine hajaisoma. Prosesa hiyo Intel wameiwekea kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe, kama dereva wa lori anayeshusha gia mlima Kitonga kabla injini haijachemka. Kupunguza kasi kukishindikana, inajizima. AMD, washindani wa Intel, nao prosesa yao ya Ryzen 7 5800H wameipa hadi nyuzi 105. Kwa hiyo 96 si dalili ya kuungua.

Linalowachanganya wengi ni hili. Prosesa yako kwa kazi ya kawaida imepangiwa wati 45, lakini ikibanwa na kazi nzito imeruhusiwa kupanda hadi wati 115. Kumbuka zile balbu za kizamani za wati 100, nani aliweza kuishika ikiwa inawaka? Sasa joto la aina hiyo linatoka kwenye kipande kidogo kama stempu, ndani ya boksi jembamba, na pembeni yake kuna kadi ya picha nayo inatoa la kwake. Watengenezaji wanajua. Wameamua kwamba maadamu kikomo hakijafikiwa, mashine itumie nafasi yote iliyobaki kukimbia. Ndiyo maana laptopu mpya inaruka hadi 96 wakati ramani inafunguka, kisha inatulia kwenye 85 ukiwa unaendesha gari mitaani.

Mimi mteja akiniletea malalamiko kama yako, naangalia kasi kabla ya joto. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi ya mashine, ni ya bure. Fungua ukurasa wa vihisio (Sensors), cheza dakika 20 mfululizo, kisha soma. Prosesa ina viini kadhaa vinavyogawana kazi, na kasi ya msingi ya viini vikubwa vya kwako ni GHz 2.3. Kama iko nyuzi 95 na bado inakimbia GHz 3.5, unapata ulicholipia na zaidi. Kama imeshuka chini ya 2.3 na gemu linakwamakwama, hapo upoozaji umeshindwa kazi yake. Kadi ya picha nayo itazame: hizi za RTX za laptopu kwa kawaida huanza kujibana zikifika karibu na nyuzi 87.

Mambo ya kukufanya uirudishe dukani ni mengine. Inajizima katikati ya gemu. Iko nyuzi 80 wakati hujafungua kitu. Feni moja inavuma, ya pili kimya. Au kiini kimoja kinazidi wenzake kwa nyuzi 15 au 20 muda wote, ambayo mara nyingi maana yake pesti ya kiwandani, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite, imepakwa upande mmoja. Ukiona mojawapo, piga picha ya skrini na uende nayo ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha. Muuzaji atabishana na maneno yako, na picha ya skrini hana la kuibishia.

Habari za kazi fundi. Laptopu yangu nikienda nayo kwa rafiki inacheza vizuri, nikirudi nyumbani inachemka na feni zinapiga kelele kama pampu. Gemu ni lile lile. Umeme wa kwetu una shida? (Tanga)

Swali hili lilinisumbua siku mbili. Chaja ile ile, gemu lile lile, na umeme mdogo hauleti joto la namna hiyo. Nikamwomba ndugu yetu anitumie picha ya meza anayochezea. Alipoituma nilicheka peke yangu: meza safi ya mninga, na juu yake kitambaa cha kufuma cha mama, kile cheupe chenye maua, kinene kama mkate wa kumimina. Laptopu imekaa katikati yake kama jagi la juisi.

Geuza laptopu yako uone. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, na kati yake na meza kuna miguu ya mpira yenye urefu wa milimita chache tu. Miguu ikizama kwenye kitambaa, matundu yamezibwa. Feni zinazunguka, ila zinavuta uzi na tena hewa ile ile ya moto iliyotoka nyuma. Kitanda ni vivyo hivyo, na zulia, na mto ndio mbaya kuliko vyote.

Toa kitambaa (omba ruhusa kwanza). Kisha chukua vifuniko viwili vya chupa za maji, viweke chini ya pembe mbili za nyuma, laptopu iinuke. Acha na shubiri moja ya nafasi kati ya mgongo wa laptopu na ukuta. Mimi hili ndilo jambo la kwanza nafanya kwa kila mashine inayoletwa, kabla sijagusa bisibisi. Zinashuka nyuzi tatu, nne, nyingine zaidi, na gharama yake ni maji uliyokwisha kunywa.

Zile stendi zenye feni zinasaidia? (wengi mmeuliza)

Kidogo. Sehemu kubwa ya msaada wake ni kule kuinua, ambako vifuniko vya chupa vinakufanyia bure. Kama una hela ya ziada nunua yenye feni kubwa inayopuliza palepale kwenye matundu ya laptopu yako. Yenye taa saba za rangi haipozi kuliko isiyo na taa.

Niaje fundi. Niko Nairobi na binamu yangu yuko Mombasa, tumenunua laptopu za aina moja. Kwangu chumba ni nyuzi 22, kwake 31. Nilitarajia yangu iwe chini kwa nyuzi tisa lakini tofauti ni sita tu. Yangu ina kasoro?

Haina. Hesabu yako ni nzuri: laptopu haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta, na chumba kikipanda nyuzi moja nayo inapanda karibu hiyo hiyo moja. Ulichosahau ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Feni inazunguka mizunguko ile ile lakini inasukuma hewa pungufu. Baridi ya Nairobi inakupa kwa mkono mmoja, mwinuko unachukua kidogo kwa mwingine. Binamu yako yeye ana chumvi ya bahari ya kuhofia, mwambie asiiache dirishani.

Nimeinua, meza ni ngumu, matundu hayana vumbi, bado prosesa iko 93. Sitaki kufungua kitu. Kuna namna? (Mwanza)

Ipo, na hapa ndipo watu wanapoacha nyuzi nyingi bila sababu.

Anza na fremu, zile picha zinazopishana haraka kwenye skrini hadi gemu lionekane linatembea. Kama unacheza gemu jepesi bila kikomo, kadi ya picha inachora fremu 200 au 300 kwa sekunde, wakati skrini yako pengine inaonyesha 144 tu. Nyingine zote zimechorwa zikatupwa, joto lake limebaki. Nimewahi kukuta laptopu inapiga kelele kuliko wakati wowote, na mwenyewe hata hachezi, yuko kwenye menyu anachagua jezi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu au jopo la Nvidia (watengenezaji wa kadi za RTX), weka kikomo cha fremu. Kwa gemu la mpira la kucheza sebuleni na marafiki, fremu 60 zinatosha kabisa. Kwa magemu ya kulenga shabaha weka sawa na skrini yako.

La pili ni kuizuia prosesa isipande ule mlima wa wati 115. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya kina, kuna mstari unaoitwa Maximum processor state. Umeandikwa 100. Andika 99. Asilimia moja inaonekana si kitu, lakini inafunga ile kasi ya ziada yote, na joto linaanguka kwa nyuzi ambazo utadhani umebadilisha mashine. Gemu nyingi zinazotegemea kadi ya picha hutaona tofauti, zile zinazotegemea prosesa utaiona. Jaribu, pima, ukichukia rudisha 100. Laptopu nyingine zimeficha mstari huo. Basi tumia hali ya utulivu au ya wastani badala ya ile ya kasi kuu. Kwenye Lenovo Legion unabonyeza Fn na Q, kwenye Asus TUF ni Fn na F5.

La tatu ni kupunguza volti, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu joto linashuka bila kasi kupungua. Kila prosesa inatoka kiwandani ikiwa imepewa volti za kutosha na akiba juu yake, unachofanya ni kuipunguza ile akiba. Kwa prosesa za Intel kazi hii ilikuwa rahisi kwa programu ya ThrottleStop hadi mwishoni mwa 2019, watafiti walipotangaza tundu la usalama walilolibatiza Plundervolt, lililopitia njia hiyo hiyo ya kuchezea volti. Baada ya hapo watengenezaji wengi wakaifunga kwa masasisho. Ukiona vitufe vya volti kwenye ThrottleStop vimefifia, yako imefungwa, usihangaike. Kadi ya picha ya Nvidia bado iko wazi kupitia programu ya MSI Afterburner. Shusha kidogo kidogo, cheza nusu saa, shusha tena. Gemu likiganda au kujifunga, umepitiliza, rudi hatua moja. Kupunguza volti hakuunguzi kitu. Matatizo makubwa yanaletwa na kuongeza.

Laptopu yangu ina miezi mitatu. Fundi wa mtaani kwetu anataka kuifungua abadilishe pesti, anasema za kiwandani ni feki. Nimruhusu? (Arusha)

Usimruhusu, angalau si sasa. Kwa miezi mitatu pesti haijakauka, na waranti yako ina thamani kuliko nyuzi tano. Kwanza soma masharti yake, maana wauzaji wengine wanakataa mashine ambayo stika yake imechanwa. Kama upoozaji ni mbovu kweli, mwenye waranti ndiye wa kuutengeneza.

Kuna jambo jingine la kumwogopesha fundi asiyejua. Baadhi ya laptopu, zikiwemo nyingi za Asus ROG, hazina pesti ya kawaida kwenye prosesa, zina metali ya kimiminika. Inapitisha umeme. Tone moja likikimbilia kwenye bodi, umemaliza. Na galiamu iliyomo inakula alumini, kwa hiyo huwezi kuipaka ovyo kwenye kipozeo chochote. Muulize fundi wako swali moja tu: ndani ya hii kuna nini? Akijibu kabla hajatafuta, chukua laptopu yako.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, waranti ikiwa imekwisha, ndiyo ufungue. Mara nyingi utakachokuta si pesti. Ni ukanda wa vumbi uliojipanga kati ya feni na mapezi ya shaba, umeshikana kama kipande cha blanketi, unaubandua kwa kibanio mzima mzima. Kutoka nje hauonekani. Laptopu ikiwa imezimwa, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, ndipo upulize. Ukifika kwenye pesti, mimi siku hizi naweka karatasi ya Honeywell PTM7950, ambayo ni ngumu ikiwa baridi na inalainika ikifika kama nyuzi 45. Haisukumwi nje na joto la kupanda na kushuka kama pesti laini.

Nikiiweka kwenye friji dakika kumi kabla ya kucheza? (Unguja)

Ndugu yangu. Ukiitoa kwenye friji, hewa ya Unguja itatokwa jasho juu ya bodi yake kama chupa ya soda mezani, na wewe unaiwasha. Friji iache na samaki. Kiyoyozi au feni ya chumba ni sawa, kwa sababu hapo laptopu ndiyo yenye joto na unyevu hauikimbilii.

Mwanangu yuko chuo, amerudi likizo na laptopu ya gemu. Anaiweka mapajani au juu ya mto hadi usiku wa manane, na ni ya moto kweli. Naogopa itaniunguzia nyumba. (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Prosesa haitaunguza nyumba, itajizima kwanza. Kwenye mto nina hofu na vitu viwili vingine. Cha kwanza ni chaja, lile tofali jeusi: linapata moto kwa kazi yake halali, kwa hiyo likae sakafuni wazi, lisifunikwe na shuka wala nguo. Cha pili ni betri. Joto pamoja na kuchajiwa asilimia 100 muda wote vinaizeesha haraka, na iliyozeeka vibaya inaweza kuvimba. Akaweke kikomo cha chaji asilimia 80, laptopu nyingi za sasa zinacho kwenye programu ya mtengenezaji. Na wewe mwenyewe unaweza kuikagua: iweke mezani ikiwa imefungwa. Ikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, au kile kibao cha kusogezea kidole kimeinuka, betri imevimba. Iondolewe kwenye chaja hapo hapo, isitobolewe wala kukandamizwa, ipelekwe kwa fundi.

Mapajani pia mkataze. Joto la siku nyingi kwenye sehemu moja ya ngozi linaacha madoa mekundu na ya kahawia yaliyojichora kama wavu, hata pasipo kuungua. Kama ni lazima acheze kitandani, ubao wa kukatia vitunguu chini ya laptopu unatosha. Ila anunue wake, asije akachukua wa jikoni.